The Eye of the World: mbona mmoja anakipa nyota tano na mwingine kakibwaga sura ya ishirini?

Swali: Shikamoo kaka. Mimi ni msomaji wa riwaya za mapenzi na za upelelezi, hizi za fantasia ndo kwanza naanza. Rafiki yangu kanipa The Eye of the World ya Robert Jordan akaapa kwamba nitakuja kumshukuru. Sasa nimefika pale kundi linapotawanyika baada ya ule mji wa magofu, kama sura ya ishirini na kitu, na kusema kweli nimekwama. Nikaenda kusoma maoni ya wasomaji nipate moyo, ndo nikachanganyikiwa kabisa. Mmoja anasema ni kitabu bora cha maisha yake, wa pili kakibwaga sura ya ishirini akisema ni Tolkien, yule wa The Lord of the Rings, aliyepakwa rangi mpya, wa tatu anasema nivumilie mpaka kitabu cha nne. Cha nne! Hata cha kwanza sijamaliza. Nimwamini nani? Na ni haki kweli kuhukumu sirizi nzima kwa kitabu chake cha kwanza?

Jibu: Marahaba dada yangu. Hilo la kuvumilia mpaka cha nne limenichekesha maana na mimi nimeshawahi kumwambia mtu hivohivo kabisa, akaniangalia kama nimemwambia alale na jino bovu mwaka mzima. Kazi yangu ni uhariri wa riwaya, na hii sirizi ya Wheel of Time nimeipiga mara tatu toka cha kwanza mpaka cha mwisho, kwa hiyo nina maneno mengi, tuvumiliane. Utamu sikuharibii. Ninayoyataja kwa undani yote yako kwenye kurasa ulizokwisha kupita, za mbele nitazigusa kwa mbali tu.

Nianze na kitu ambacho watoa maoni wenyewe hawakisemi. Hao wasomaji watatu uliowakuta hawabishani kuhusu kitabu kimoja. Kava ni lilelile, maneno ni yaleyale karibu laki tatu, ila aliyekisoma juzi kwa mara ya kwanza, na aliyekirudia baada ya kumaliza vyote 14, na aliyekibwaga katikati, kila mmoja ana kitabu chake kichwani. Kwa hiyo ukiona nyota tano usikimbilie kuuliza kitabu ni kizuri kiasi gani, uliza huyu mtu alikuwa amefika wapi wakati anaandika. Mara nyingi anajitaja mwenyewe mwanzoni kabisa, narudia kwa mara ya tano, au nilikisoma nikiwa sekondari, au nimeishia ukurasa wa mia mbili. Hapo ndo penye habari, nyota ni mapambo.

Chukua mfano uliokwisha kuupita. Kule mjini Baerlon kwenye nyumba ya wageni kuna yule binti aliyevaa kiume, Min, ambaye akimwangalia mtu anaona picha zinamzunguka. Akamtajia Rand, yule kijana mhusika mkuu, aliyoyaona kwake, upanga ambao si upanga, fimbo ya ombaomba, mkono wenye damu na chuma cha moto, na mengine ya namna hiyo, basi hadithi ikaendelea. Naweka dau kwamba ulipita pale mbio. Kila msomaji mpya anapita mbio, maana haimwambii kitu, yeye anataka wafike wanakokwenda. Anayerudia anasimama pale kama kagongwa. Zile picha zinakuja kutimia moja baada ya nyingine, baadhi yake vitabu vingi sana mbele, na zilikuwa zimeshachapishwa mwaka 1990 kwenye kitabu cha kwanza, mwandishi alikuwa ameshajua anaelekea wapi. Mimi mara ya pili nilipofika pale niliweka kitabu chini nikakaa kimya kama dakika tano hivi. Sasa mtu kama huyo ukimuuliza kitabu cha kwanza kikoje atakupa nyota tano na wala hadanganyi, ila anazitoa kwenye akiba aliyoichuma vitabu vya mbele, na wewe akiba hiyo huna bado.

Ndo maana mshabiki kindakindaki ni shahidi mbaya kwa mtu anayeanza. Ana mapenzi ya kweli ila kasahau kabisa ilivyokuwa kutojua.

Na huyu aliyekibwaga naye usimdharau. Watu wa sirizi ndefu wana tabia moja inayoniudhi, mtu akisema kachoshwa wanamwambia hujaelewa, hujafika kunakonoga. Jamani, mtu aliyesoma kurasa mia tatu ana haki ya kusema kuhusu hizo kurasa mia tatu, na kwa zile alizozisoma huyo ndo shahidi wako mzuri kuliko wote maana hana cha mbele kinachomzibia macho. Mwamini mpaka pale alipoishia, akianza kukwambia sirizi nzima ikoje hapo muache.

Halafu kuna kundi dogo la kuchekesha, watu wanaolalamika kwamba kitabu kinaisha bila kuisha. Baadhi yao ni kweli kabisa wamesoma nusu. Mwaka 2002 kilitolewa toleo la vijana kimegawanywa vitabu viwili, From the Two Rivers na To the Blight, na mwanzoni kikaongezwa utangulizi mwingine uitwao Ravens, yaani kunguru, kuhusu Egwene, yule binti wa kijijini, akiwa mtoto. Kwa hiyo ukikuta mtu anasifia sura ya kunguru na wewe huikumbuki, hujaruka kurasa, ni toleo tu.

Haya, tuje kwenye lile la kukopi Tolkien, maana ndo lawama inayorudiwa kuliko zote. Kwa ufupi, hawajakosea, ila wameishia njiani. Ukikipanga kitabu chako na The Fellowship of the Ring ya mwaka 1954 pembeni yake unaona kabisa. Kijiji kilichosahaulika ambako watu wanajali mavuno na umbea, sherehe iko mlangoni, kijana wa kawaida asiyejua kitu, anakuja mgeni mwenye nguvu na mpiganaji wake mkimya, wapanda farasi weusi wanawasaka, wanakimbia usiku, wanavuka mto kwa kivuko. Mtu aliyemsoma Tolkien akifika pale kwenye kivuko anaanza kuhisi kaibiwa. Ila Jordan mwenyewe alishaeleza kwenye mahojiano kwamba alifanya makusudi, alitaka kurasa za kwanza zimpe msomaji harufu ya kitu anachokifahamu, atulie, kisha ampeleke asikokujua. Unaweza kusema ni ujanja wa mwandishi au ni kisingizio cha mwizi aliyeshikwa, mi nasema ni ujanja, na sababu yangu iko palepale kijijini.

Kumbuka jioni ya siku iliyofuata lile shambulio la usiku. Moiraine, yule mgeni mwenye nguvu, kaponya majeruhi usiku kucha, yuko hoi, halafu wanaume wa kijiji wanakusanyika nje ya nyumba ya wageni wanataka aondoke, mtu kashachora alama ya shari mlangoni kwa mkaa. Mwanamke huyohuyo aliyewaokoa. Kwa Tolkien yule mzee mchawi anakuja kijijini watoto wanamkimbilia wakitaka fataki. Hapa mwenye uwezo anaogopwa kuliko adui, na ana haki ya kuogopwa, kwa sababu kwenye dunia hii nguvu ya kichawi ya wanaume ilichafuliwa, mwanamume akiigusa anaishia wazimu, na wanawake peke yao ndo wameshika usukani miaka elfu tatu. Halafu badala ya kuwapiga kwa radi anawasimulia, habari za Manetheren, ufalme wa mababu zao uliosimama vitani peke yake mpaka ukafutika, na wale wanaume wanatawanyika mmoja mmoja wameinamisha vichwa. Sura ya tisa hiyo. Kama ile haikukugusa hata kidogo basi niambie, maana hapo ndo penye kitabu chenyewe, mapanga na mazimwi ni ya kujazia. Jordan anaandika kuhusu watu waliosahau wao ni nani na kinachowapata wanapokumbushwa kwa nguvu. Hiyo Tolkien anaigusa ila kwa mlango mwingine kabisa.

Na kitu kingine ambacho watoa maoni wa leo wanakisahau ni kwamba soko la wakati ule lilikuwa hivyo. Tangu The Sword of Shannara itoke 1977 ikauza sana huku wakosoaji wakipiga kelele kwamba ni Tolkien mtupu, wachapishaji walishajua wasomaji wanataka ladha ileile. Mwandishi aliyekuja 1990 na sirizi kubwa akaanza na kijiji na safari alikuwa anaongea lugha ya wateja wake. Anayekisoma leo ameshapita kwa George R. R. Martin wa A Game of Thrones, ameshaona fantasia yenye siasa na matusi na wahusika wakuu wanaokatwa vichwa, kwa hiyo anakuta kijiji chenye sherehe ya masika anaona utoto. Hilo si kosa la mtu yeyote, miaka tu imepita.

Sasa uzito. Polepole, polepole, polepole, kila rivyu ya nyota mbili ina hilo neno. Mi nataka nitenganishe hapa, maana kuna polepole mbili kwenye hiki kitabu na moja naitetea na nyingine siitetei hata kidogo.

Ninayoitetea ni ya mwanzo. Sura kumi nzima hawajatoka kijijini, ni kweli. Lakini rudi ukurasa wa kwanza wa sura ya kwanza. Baada ya utangulizi wenye mtu aliyerukwa na akili anatembea kwenye jumba lililobomoka anamwita mkewe na mkewe amelala amekufa palepale, tunatua barabarani na baba na mwanae na mkokoteni unaovutwa na farasi, upepo unavuma vibaya, vazi la Rand linapepesuka linamsumbua. Anageuka anaona mpanda farasi mweusi nyuma yao. Kitu kinachomsisimua hakijui mara moja, kisha anakigundua, joho la yule mtu halitikisiki. Upepo wote ule na joho limetulia tuli. Anajikwaa jiwe, akiinua macho barabara ni tupu. Baba yake haoni kitu. Basi, hakuna damu, hakuna upanga, ni nguo tu isiyopeperuka, na hofu inakaa na wewe sura nne tano mbele huku watu wanaongelea bei za sufu na mchumba wa nani. Huu upole una kazi. Anakupa muda ukipende kijiji ili kikiungua uumie. Wasomaji wa upelelezi kama wewe mngepaswa kulipenda hili kuliko wote, ni dalili ndogo kabla ya maiti.

Nisiyoitetea iko mbele yako kidogo, kwa hiyo nisikilize vizuri. Baada ya kundi kutawanyika hadithi inagawanyika njia tatu, na njia moja kuna sehemu ndefu ya vijana barabarani wanatoka nyumba ya wageni hii kwenda ile, wanatafuta pa kulala, wanatiliwa mashaka, wanakimbia, wanarudia. Na juu ya kurudiarudia, mwandishi anacheza na muda, anakurudisha nyuma bila kukuaga vizuri mpaka unapotea ni siku ya ngapi. Nakumbuka mara ya kwanza nilirudi kurasa ishirini nikidhani nimeruka karatasi. Ingekuwa mswada umeletwa mezani kwangu ningezungushia wino mwekundu sura mbili nzima. Na wenye mapenzi na kitabu wanajua, utawakuta wanasema ile barabara kama watu wanaokumbushana ugonjwa. Kwa hiyo ukifika pale ukachoka, hujapoteza uwezo wa kusoma, pale ni pazito kweli. Ruhusa unayo ya kusoma haraka haraka, mi nakupa mwenyewe.

Kuna sababu moja ya kiufundi iliyokufanya ukwame hapohapo ulipo na sijaona mtu anaisema. Ukitoa ule utangulizi, karibu kila ulichosoma umekiona kwa macho ya Rand. Umemzoea, umekaa kichwani mwake kurasa mia mbili na ushee. Halafu ghafla kundi linatawanyika na mwandishi anaanza kukugawia macho mengine, ya Perrin rafiki yake Rand, ya Nynaeve yule mganga wa kijiji. Ni kama umekaa kwenye gari unasikia stori tamu na dereva anakwambia shuka upande lingine. Wengi wanaokibwaga wanakibwaga hapa, na wanasema ploti imepoa, wakati kilichotokea ni kwamba wametolewa kichwani mwa mtu waliyemzoea. Ukilijua hilo unavumilia vizuri zaidi, hasa kwa Nynaeve, mpe sura mbili tu. Mwanzoni anaonekana mkali asiye na sababu kwa sababu ulikuwa unamwona kwa macho ya vijana aliokuwa anawachapa viboko. Ukiingia kichwani mwake unakuta mtu mwoga anayejikaza.

Hii pia inaeleza vita nyingine ya wasomaji ambayo lazima umeiona, ya Mat, yule rafiki mwingine wa Rand. Wapya wanamchukia, mzigo, mjinga, anagusa visivyogusika. Wakongwe wanasema ndo mhusika bora wa sirizi nzima. Wote wako sawa! Kwenye kitabu cha kwanza Mat hapati hata ukurasa mmoja wa kutazama kwa macho yake mwenyewe, unamwona kutoka nje tu, na toka mji ule wa magofu kuna jambo linamsumbua ambalo sitalisema. Macho yake tunayapata kitabu cha tatu ndo mtu anazaliwa. Kwa hiyo anayempa nyota Mat kwenye rivyu ya kitabu cha kwanza anakusimulia mtu ambaye hujakutana naye.

La wanawake na wanaume nalipitia mbio. Lawama ni kwamba wanawake wote wanagomba na wanaume wote ni mabubu, na ile ya Nynaeve kuvuta msuko wake ilishakuwa utani wa wasomaji dunia nzima. Lawama ni ya kweli na vitabu vya mbele inazidi, nisikudanganye. Kwenye cha kwanza bado inachekesha, kama pale Rand anapotamani angekuwa Perrin maana Perrin ndo anajua kuongea na wasichana, na endelea tu kusoma utaona Perrin naye anafikiria nini. Mi napenda, mke wangu alisoma sura tatu akanirudishia kitabu akisema huyu mwandishi alisikia wanawake wakiongea kupitia ukuta.

Mwisho wa kitabu. Hapa naungana na wakosoaji karibu wote. Bila kutaja kinachotokea, mahali ambako jina la kitabu linatoka, uamuzi wa kwenda huko unafanywa robo ya mwisho kabisa, kabla ya hapo safari ilikuwa inaelekea kwingine. Halafu mambo yanakuja mbiombio, wanatokea maadui uliokuwa umewasikia majina tu, na kuna jambo kubwa linafanyika hewani hivi, unamaliza unajiuliza limefanyikaje. Baada ya kurasa mia sita za kutembea, sura chache za kukimbia. Maoni yangu, na hili ni langu, Jordan alikuwa anataka kitabu kiweze kufunga chenyewe hata kama mtu hasomi kingine, kwa hiyo akatia fataki za mwisho wa sirizi kwenye mwisho wa kitabu cha kwanza, na uchawi wenyewe alikuwa hajaukazia kanuni. Kitabu cha pili, The Great Hunt, kilitoka mwaka huohuo 1990 na tayari unaona mkono umetulia. Kwa hiyo ukikuta mtu anasema mwisho haueleweki, mwamini, halafu maliza hivyohivyo.

Swali lako la kuhukumu sirizi kwa kitabu cha kwanza. Inategemea mwandishi alikipa kitabu cha kwanza kazi gani. Martin mwaka 1996 alikifanya cha kwanza kiwe kipimo chake kabisa, ukimaliza A Game of Thrones unajua umeingia wapi, na kama hukupenda basi hutapenda. Shida yake iko upande wa pili, cha tano kilitoka 2011 na wasomaji bado wamekaa kwenye benchi. Steven Erikson, mwandishi mwingine wa fantasia, na Gardens of the Moon mwaka 1999 alikifanya kuwa mtihani, anakutupa katikati ya vita haelezi kitu, nusu ya wasomaji wanatoka, waliobaki wanakuwa kama wameapishwa. Jordan alikifanya kuwa mlango, na mlango wake aliupaka rangi ya nyumba ya jirani. Kwa hiyo kwa Martin ningekwambia hukumu, kwa Erikson ningekwambia subiri kabisa, kwa Jordan nakwambia cha kwanza kinatosha kukwambia kama unaipenda sauti yake, ule mwendo, ile hali ya kueleza upepo na nguo na supu kabla ya jambo, kwa sababu hiyo haibadiliki. Kinachobadilika ni ukubwa wa hadithi. Kama sauti inakuchosha, ukifika katikati ya sirizi utalia, maana kuanzia cha saba mpaka cha kumi hata mashabiki wenyewe wanakiri mambo yanasuasua, na cha kumi, Crossroads of Twilight cha 2003, ndo kilitukanwa kuliko vyote. Kama sauti unaipenda ila hadithi unaiona ya kawaida, endelea, hapo una cha kuvuna. Hao wanaosema subiri cha nne wanamaanisha The Shadow Rising cha 1992, na kweli wengi tunakiona ndo kilele, ila hakuna kilichokatazwa kufurahia vitatu vya kabla yake.

Na usiogope kwamba mwandishi alifariki, najua utalisikia. Jordan, jina lake halisi James Oliver Rigney Jr., mtu wa Charleston aliyepigana Vietnam na kusomea fizikia, alifariki Septemba 2007 akiwa hajamaliza. Mkewe Harriet McDougal, ambaye ndo alikuwa mhariri wake, akamchagua Brandon Sanderson, akamalizia kwa maandishi aliyoyaacha marehemu, vitabu vitatu, cha mwisho kikatoka Januari 2013. Hadithi ina mwisho. Kwenye fantasia hilo si jambo la kuchukulia poa.

Kitu cha mwisho kinachochafua maoni ni tamthilia ya Amazon ya kuanzia 2021. Tangu itoke, rivyu za kitabu zimejaa watu wanaolinganisha. Kwenye tamthilia walitufanya tukisie kati ya vijana ni yupi hasa anayetafutwa, na wahusika wakawa wakubwa kidogo kiumri. Kwenye kitabu umekaa na Rand toka barabarani na mkokoteni, hakuna fumbo kubwa hapo. Kwa hiyo ukiona mtu analalamika kwamba kitabu kimekosa siri, au kinyume chake kwamba Perrin kwenye kitabu ni mpole mno, angalia kwanza kama alianzia kwenye skrini. Tamthilia yenyewe ilisitishwa 2025 baada ya misimu mitatu, kwa hiyo usiitegemee ikumalizie hadithi.

Kwa upande wako ningefanya hivi. Soma mpaka vijana wafike Caemlyn, huo mji mkubwa wanaoutaja kila mara, ni kabla kidogo ya robo ya mwisho. Ile barabara ya kuelekea huko ipite mbio kama nilivyosema, au isikilize, kuna toleo la kusikiliza alilosoma Rosamund Pike, yule aliyeigiza Moiraine, na la zamani la Michael Kramer na Kate Reading, na kwa sikio hata zile nyumba za wageni zinapita. Ukifika mjini kuna tukio la Rand na ukuta wa bustani. Ukilisoma hilo ukabaki baridi, mrudishie rafiki yako kitabu na umshukuru, hujapungukiwa kitu. Ukijikuta umecheka peke yako, nenda mpaka mwisho, ruka siku mbili tatu, kisha fungua The Great Hunt usome utangulizi wake tu kabla hujaamua.

Halafu tafadhali, faharasa ya mwisho wa kitabu usiifungue ovyo, na New Spring, kile kisa cha miaka ishirini nyuma kilichotoka 2004, mtu akikwambia uanze nacho eti kwa sababu kinatangulia kwa matukio, mkatalie.